Acheni Tuililie Leipzig

Anayerudi kutoka ng'ambo anaruhusiwa sentensi moja tu: "Namshukuru Mungu nimefika salama, nyumbani ni nyumbani." Akishaisema, vigelegele vinapigwa, soda zinafunguliwa, na shauri limekwisha. Akiongeza neno, akisema kwa mfano kwamba usiku wa jana alilala akiikumbuka sauti ya tramu ikikata kona, amevunja adabu. Watu watatazamana. Mmoja atacheka kwa pua. Kabla sahani hazijaondolewa atakuwa amepewa jina: huyu ameshakuwa Mzungu.

Nilikaa Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, miaka miwili na miezi mitano, kwa masomo ya uzamili. Sasa nimerudi kwetu, mji mdogo mkoani Tanga. Tasnifu nimeikabidhi na nasubiri alama. Nimefurahi kurudi na nimehuzunika kurudi, yote kwa siku moja, mara nyingine kwa saa moja, na sioni kwa nini nilazimishwe kuchagua. Ninachobishana nacho hapa ni amri hiyo ya kuchagua. Ni amri mbaya, na inawanufaisha watu wasiostahili kunufaika.

Wanaoitoa ni makundi mawili, na makundi yenyewe hayapatani. La kwanza ni la wakubwa zetu pamoja na wazalendo wa mitandaoni, ambao kwao kuikumbuka nchi ya watu ni dalili ya kuikana ya kwenu. Silaha yao ni methali. Mkataa kwao ni mtumwa. Usiache mbachao kwa msala upitao. La pili ni la rika langu, tuliosoma nao, na hoja yao ni kinyume kabisa. Mmoja aliniandikia wiki ile ile niliyotua: "Dada, umerudi kufanya nini? Sisi tunatafuta pa kutokea, wewe unaingia." Kwake yeye huzuni yangu ni ushahidi wa ujinga. Sheria ya Ujerumani humpa aliyehitimu chuo kikuu cha kule hadi miezi 18 ya kukaa na kutafuta kazi. Ningeweza kusubiri alama nikiwa huko huko, nikaomba muda huo. Sikuomba. Basi nisilie.

Kundi la kwanza linasema ukilia, hukupaswa kwenda. La pili linasema ukilia, hukupaswa kurudi. Yote mawili yanadhani machozi ni hesabu ya faida na hasara, na kwamba mtu akikosa kitu lazima alipotea njia mahali fulani. Mimi sikupotea. Nilipenda mahali pawili. Watu wa mwambao huu wamevuka bahari kwa kusi na kaskazi karne na karne, wakaoa huku, wakazika kule, na bado mjukuu wao akisema anapakumbuka alikokuwa anaonekana ameleta jambo geni.

Tuzikague hizo methali, maana zimezoea kupita bila kukaguliwa. Mkataa kwao ni mtu aliyekataa. Kukataa ni tendo, lina maneno yake: sitaki, siwajui, mimi si wenu. Anayekumbuka hajakataa chochote. Na yule wa mbachao anaonywa asiutupe mkeka wake mkuukuu kwa ajili ya mkeka mzuri wa mpita njia. Vyema. Lakini methali haikusema ni marufuku kuutazama huo unaopita. Haikusema pia kwamba mbachao ukitoboka ni haramu kuushona.

Ujerumani ni nchi ya fomu, na kuaga nako kuna fomu yake. Anayehama hujiondoa kwenye daftari la wakazi. Wenyewe wanaita Abmeldung, na huwezi kuifanya mapema zaidi ya wiki moja kabla ya kuhama wala kuichelewesha zaidi ya wiki mbili baada ya kuhama. Mama mmoja wa makamo aliyekaa nyuma ya kompyuta aliniuliza anwani mpya. Nilimtajia mtaa wetu, ambao nyumba zake hazina namba. Aliandika alichoweza, akachapa karatasi, akanisukumia mezani. Haikuchukua dakika tano. Karatasi hiyo ndiyo inayokata kila kamba: ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba hata kama huna redio wala televisheni, mkataba wa simu, bima. Nikatoka nje na uthibitisho rasmi kwamba siishi tena katika mji ambao nilikuwa nimesimama katikati yake, nikingoja tramu, na tikiti yangu ikiwa halali hadi mwisho wa mwezi.

Kuna kanuni nyingine ninayoipenda kuliko inavyostahili kanuni ya pensheni. Nilikuwa nafanya kazi saa chache kwa wiki kwenye ghala la vifurushi, na kila mwezi asilimia 9.3 ya mshahara wangu ilikatwa kwa ajili ya uzee wangu, kana kwamba nitazeekea pale. Raia wa nchi kama yetu ambaye hajafikisha miezi 60 ya michango anaweza kuomba arudishiwe fungu lake, lakini sharti kwanza ipite miezi 24 tangu aache kuchangia na kuondoka Ulaya. Kwa lugha nyingine, Ujerumani inasema: hatuna hakika kama umeondoka kweli, ngoja miaka miwili tuone. Ndugu zangu walinipa hadi mwisho wa pilau.

Pilau yenyewe ilikuwa Jumapili ya pili baada ya kufika. Zawadi zilikuwa zimekwisha kugawiwa, mabegi mawili ya kilo 23 yamebaki makapi, na mjomba, kwa nia njema kabisa, akaniuliza nakumbuka nini kule. Nilimjibu kweli. Nilisema nakumbuka kutembea usiku. Nikaeleza: natoka maktaba saa nne na nusu usiku, nachukua tramu, nashuka, natembea dakika sita hadi bwenini, peke yangu, naongea na simu, nafikiria sura ya tatu ya tasnifu.

"Mtoto wa kike?" shangazi alisema. "Saa nne na nusu? Na unalisema mbele ya watu?"

"Shangazi, nilikuwa natoka kusoma."

"Mchana wa kule umekwisha mpaka watu wasome usiku?" Watu wakacheka. "Haya mwanangu, umerudi kwenu, hayo sahau. Huku usiku tunalala."

Mama hakucheka. Wageni walipoondoka tukakaa uani kuosha masufuria, na ndipo aliponiuliza. "Hiyo tramu yako. Inapita kila baada ya muda gani?"

"Mchana kila dakika kumi, Mama. Usiku inapungua."

"Na isipokuja?"

"Kuna kibao kituoni kinaandika itachelewa dakika ngapi."

"Na wanaoiendesha, anayewabana ni nani?"

Nikamweleza kwamba kampuni ni mali ya jiji, kwamba baraza la madiwani huijadili, kwamba nauli ikipanda watu hupiga kelele na kelele zao huandikwa magazetini. Alisugua sufuria kitambo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi huu mwaka wa ishirini natoka hapa saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni, na kisu cha kumenyea maembe kwenye pochi. Hajawahi kutokea mtu akaniuliza kama naogopa."

Sasa niambie, kati ya shangazi na Mama, nani amenielewa kuwa Mzungu?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tunaponyamazishwa kuhusu tulichokipenda ng'ambo, tunaambiwa kwamba tunalinda heshima ya nyumbani. Kinacholindwa ni kitu kingine. Kinacholindwa ni barabara ya sokoni isiyo na taa. Mimi sikuililia Ulaya, sikulilia theluji wala mnara wowote wa kupigia picha. Nililia kwa sababu mwili wangu ulikuwa umejifunza kitu, kwamba usiku unaweza kuwa saa ya kawaida kama saa nyingine, halafu nikautia kwenye ndege na kuurudisha mahali ambapo magharibi ikiingia unaanza kuhesabu: bodaboda ya nani, dereva namjua, nimpigie kaka aje kunipokea? Huzuni hiyo inajua inachodai. Kuiita kujifanya Mzungu ni kuigeuza iwe kasoro ya tabia yangu ili isiwe swali kwa mtu yeyote mwenye ofisi.

Najua jibu litakalokuja, kwamba natia chumvi na kuipamba nchi ya watu. Basi niseme na yale ambayo siyalilii. Silii foleni ya idara ya wageni, ambako unakwenda na bahasha nene ya vielelezo kuthibitisha kwamba kuwapo kwako kuna sababu. Silii upangaji wa chumba, ambapo barua pepe yenye jina langu ilijibiwa kwamba chumba kimekwisha, na ya rafiki yangu mwenye jina la Kijerumani, aliyeandika jioni hiyo hiyo, ikajibiwa aje kukiona. Septemba 2024 jimbo la Sachsen, ambamo Leipzig imo, lilipiga kura, na chama cha AfD kikapata zaidi ya asilimia 30. Asubuhi yake nilipanda tramu ile ile niipendayo na kuhesabu vichwa: mmoja kati ya kila watatu. Nilikuwa naishi karibu na Eisenbahnstraße, mtaa wa maduka ya Wasyria na Wavietinamu, ambako unga wa mahindi ulipatikana duka la pili kulia. Mamlaka ziliutangaza mtaa huo Novemba 2018 kuwa eneo la marufuku ya silaha, na wapo Wajerumani waliokuwa wananionea huruma kwa kukaa pale. Mimi niliupenda, na uzuri wake haukuwa wa kudumu wala wa kila mtu. Hayo yote nayajua na yamo ndani ya huzuni. Anayedhani huwezi kukikosa kitu ambacho pia kilikuumiza hajawahi kuwa na familia.

Halafu kuna dhuluma ndogo ambayo hatuizungumzi, ya upande mmoja wa kukumbuka. Tulipokuwa kule tuliruhusiwa kulia tutakavyo. Desemba, jua likizama saa kumi jioni, tulikutana chumba kimoja Watanzania, Wakenya na Mrundi mmoja, tukapika ugali, tukapiga taarab kwenye simu, na kuna siku tulilia wote kwa kitu kisichoeleweka, harufu ya nazi nadhani. Wajerumani waliokuwapo walituletea vitambaa vya karatasi. Hakuna aliyesema tumewakataa. Nyumbani nao walifurahi kusikia: maskini, wanatukumbuka. Kulia kutoka kaskazini kwenda kusini ni mapenzi. Geuza uso, ulie kutoka kusini kwenda kaskazini, ni maradhi. Dira gani hiyo?

Wala msiniambie haya ni mambo ya vijana wa siku hizi. Mwaka 1905 meli ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Wengi mnalijua jina lake bila kujijua, kwa kuwa sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka 1903 kwa jina la Mjerumani Carl Velten, ni maandishi yake. Tangu 1900 alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Akamwoa mwanamke wa huko, Bertha Hilske, na mwaka uliofuata akafunga safari kumleta kwao. Serikali ya kikoloni ilikataa wasishuke pamoja. Mwafrika mwenye mke Mjerumani alikuwa picha ambayo koloni haikutaka ionekane bandarini. Waligeuzwa, wakarudi Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927.

Namfikiria mara nyingi akiwa sitahani. Minazi anaiona. Bagamoyo ni mwendo mfupi tu kwa dau kutoka pale. Upande mmoja ni kwao, upande wa pili ni mkewe na ile Berlin waliyotoka, na mwenye bunduki anamwambia achague. Wakoloni walijua vizuri kwamba mtu anayependa mahali pawili ni mgumu kutawalika, hakai kwenye sanduku lake. Inanishangaza kwamba amri waliyoitoa wao kwa bunduki, sisi tunaitoa kwa kicheko mezani.

Wako wengine, wa karibu zaidi na mji wangu wa masomo na wa karibu zaidi na nchi yangu. Mwaka 1979 Msumbiji ilitia sahihi mkataba na Ujerumani Mashariki, na katika miaka iliyofuata vijana zaidi ya 15,000 wa Kimsumbiji walipelekwa kufanya kazi viwandani na migodini huko. Kila mwezi sehemu ya mshahara ilikatwa, wakaambiwa watalipwa wakifika nyumbani. Ukuta ukaanguka, Ujerumani Mashariki ikafa, na kuanzia 1990 wengi wao wakarudishwa Maputo na redio zao na masanduku yao. Fedha hawakuzikuta. Zilikuwa zimekwenda kufidia deni la nchi yao kwa nchi ile. Watu wakawaita madgermanes, kwa dhihaka, kutokana na maneno yanayoandikwa kwenye bidhaa za Ujerumani, na wao wakalichukua jina wakalivaa.

Kwa miaka mingi madgermanes wameandamana Maputo siku za Jumatano. Wanapeperusha bendera ya Ujerumani Mashariki, nchi isiyokuwapo. Aliyezoea kudhihaki ataona kichekesho: wazee wa Kiafrika wanaililia nchi ya Wazungu iliyokufa. Hebu tazama vizuri. Ile bendera ni stakabadhi. Walipenda waliyoyapenda kule, ujana wao umezikwa kule, wengine waliacha watoto kule, na kukumbuka kwao kumeshikana na madai kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha. Siku watakaposhawishiwa kusema sentensi moja tu, tunamshukuru Mungu tumerudi, nyumbani ni nyumbani, siku hiyo deni litakuwa limefutwa na waliolila watalala usingizi. Sisemi hasara yangu ni sawa na yao. Mimi nilirudi na kila senti yangu isipokuwa ile ya pensheni, na amana ya chumba nilirudishiwa yote baada ya kukwaruzana kidogo kuhusu usafi wa jiko. Nasema namna ya kuwanyamazisha ni ile ile.

Nikiwa hapa niwageukie na wenzangu tunaoandika. Insha ya kurudi tumeigeuza dua ya kukariri. Mlango wa ndege unafunguliwa, joto linakupiga usoni, harufu ya vumbi, mama anakukumbatia, kila kitu kimekuwa kidogo kuliko ulivyokiacha, machozi, mwisho. Nimesoma nyingi, kadhaa humu humu. Malalamiko yangu ni kwamba mwandishi hulia vizuri kisha hasemi analilia nini. "Nilihisi kitu kimepungua." Kitu gani? Kina bei gani? Nani ana ufunguo wake? Hisia isiyotajiwa jina inamstarehesha kila mtu. Diwani anaweza kuisoma akatoa machozi naye. Ukiandika kwamba mwezi Mei 2023 Ujerumani ilianza kuuza tikiti ya euro 49 inayokupandisha mabasi, tramu na treni za mikoani nchi nzima kwa mwezi mzima, na kwamba kwa tikiti hiyo ulikwenda kuogelea Cospudener See, ziwa lililokuwa shimo la machimbo ya makaa kabla ya kujazwa maji na kufunguliwa kwa watu mwaka 2000, hapo umemsumbua mtu. Hapo msomaji atauliza mashimo ya kwetu yanajazwa nini.

Umaskini utatajwa, najua. Wao matajiri, sisi maskini, acha kulinganisha. Hoja hii ina ukweli wake, na nisingethubutu kumwambia mtu tujenge tramu mjini kwetu. Lakini mengi niliyoyakosa hayakuwa ya fedha nyingi. Kilichonifunga koo mwezi wa kwanza kilikuwa mwanya wa kuketi mahali penye taa na vitabu baada ya saa za kazi, bila kununua kitu, bila kumweleza mtu nimekuja kwa nani. Hilo taifa hili liliwahi kulitaka. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam Desemba 1967, miaka sita tu baada ya uhuru, na nchi ilikuwa maskini kuliko leo. Wala Leipzig haikuwa tajiri siku zote. Jengo la maktaba niliyokuwa nasomea, Bibliotheca Albertina, lilifunguliwa 1891, theluthi mbili zake zikabomolewa vitani, na likakaa gofu miongo mingi. Ukarabati ulimalizika 2002. Watu walisoma katika kipande kilichobaki, na hakuna aliyewaambia wasahau kile kingine.

Mji wetu una chumba cha maktaba. Kina viti kumi na vinne, nimevihesabu, na vitabu vya kutosha kuanzia. Kinafungwa saa kumi alasiri, wakati ambapo wanafunzi wa sekondari wanatoka darasani na wafanyakazi bado hawajatoka kazini, kwa hiyo wanaokitumia ni wazee wawili wa magazeti na mimi. Nilikwenda pale wiki ya tatu nikiwa na huzuni yangu, nikafukuzwa kwa upole na mhudumu aliyekuwa anazungusha funguo kidoleni. Nilipomwambia kwamba nilikosoma maktaba hufungwa usiku, alinijibu kama shangazi: "Hapa siyo huko, dada." Nikamuuliza kinachozuia ni nini. Akafikiri kweli, nampa heshima hiyo, akasema ni taa mbili zilizoungua na posho ya mlinzi.

Taa mbili na posho ya mlinzi. Miezi minane kabla ya hapo sikuwa na habari kwamba huzuni inaweza kuwa na bajeti ndogo hivyo.

Tumeandika barua kwa halmashauri: mimi, walimu watatu, fundi cherehani wa jirani na wasichana tisa wa kidato cha tano. Tunaomba chumba kifungwe saa mbili usiku siku za kazi. Tumeambatisha bei ya taa kutoka maduka mawili. Barua haitaji Leipzig popote, ingawa wazo lilitoka huko moja kwa moja na nisingelipata kama ningetii nikasahau. Mama aliichukua jioni moja akaisoma yote kwa miwani yake ya sokoni, akatia sahihi, kisha pembeni, kwa kalamu nyekundu ya hesabu zake, akaongeza: na taa za barabara ya soko.

Imegongwa muhuri wa kupokelewa wiki iliyopita. Nakala yetu ina sahihi 41. Ya shangazi haimo. Amesema niipeleke kwake Ijumaa, atataka kwanza kuisoma.